Mwalimu wa kujitolea wa Kiingereza kutoka nje: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na skuli na wenyeji wa Unguja na Pemba

Ukurasa huu ni wa walimu wakuu, wajumbe wa kamati za skuli, wasimamizi wa vituo vya masomo ya jioni na familia zinazopokea wageni wanaokuja Zanzibar kufundisha Kiingereza bila mshahara. Wengi wao hutoka Ulaya, Marekani na Australia, na karibu wote husema wanataka kuwafundisha watoto wa familia zisizo na uwezo. Mtoto atapata faida au atapotezewa muda kwa kutegemea namna skuli ilivyojipanga kabla mgeni hajapanda ndege. Ndiyo maana majibu haya yanamlenga mwenyeji zaidi kuliko mgeni.

Kwa nini tuhangaike na Kiingereza na si somo jengine?

Kwa sababu Kiingereza ndicho kinachobeba masomo mengine. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na mtoto akifika sekondari anakutana na lugha hiyo karibu kila kipindi. Mtihani wa kidato cha nne hutungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, na maswali ya Bailojia, Jiografia na Hisabati yako kwa Kiingereza. Mtoto wa Micheweni au Makunduchi anaweza kujua vizuri jinsi mmea unavyotengeneza chakula, lakini akakosa alama kwa kuwa hakuelewa neno "describe" linamtaka afanye nini. Mwenye uwezo mjini humpeleka mwanawe tuisheni au skuli ya binafsi. Mtoto wa mkulima wa mwani hana pa kwenda ila skuli hiyo hiyo ya kijijini. Hapo ndipo msaada unapohitajika.

Tunaanzia wapi tukitaka mwalimu wa kujitolea?

Anzeni kwa kuandika mnachokihitaji, kabla ya kumtafuta mtu. Mwalimu mkuu akae na walimu wa Kiingereza na kamati ya skuli, waandike karatasi moja tu: madarasa gani, vipindi vingapi kwa wiki, wanafunzi wangapi kila darasa, nani atakuwa mwalimu mwenza, na mgeni atalala wapi. Karatasi hiyo ipitie ofisi ya elimu ya wilaya ifike Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali. Skuli za Pemba zina ofisi ya Wizara huko huko Pemba, hakuna haja ya mwalimu mkuu kuvuka bahari kwa barua. Sheha naye apewe taarifa mapema, kwa sababu mgeni atakayelala kwenye shehia yake ni lazima amjue.

Kinachoharibika zaidi ni skuli kupokea mtu aliyeletwa na rafiki wa hoteli ya pwani, aliyefika Jumatatu na begi lake, akaingizwa darasani Jumanne. Hakuna barua, hakuna anayejua jina lake kamili, na likitokea jambo mwalimu mkuu ndiye atakayeulizwa.

Anaweza kuja kwa viza ya matembezi?

Hapana. Viza ya matembezi ni ya kutembea, na kufundisha bila mshahara ni kazi vile vile. Mwenye kujitolea huombewa kibali cha ukaazi Daraja C, na taasisi inayompokea ndiyo inayoandika barua ya kumtambulisha. Kumbukeni kwamba uhamiaji ni jambo la Muungano, wakati elimu na kazi zinasimamiwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kwa hiyo kuna milango zaidi ya mmoja ya kubisha, na ruhusa ya mlango mmoja haifungui mwengine. Ulizeni Ofisi ya Uhamiaji ada na viambatanisho vya wakati huo, kwa sababu hubadilika, na mwambieni mgeni asikate tiketi kabla ya kupata jibu.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar anatakiwa pia awe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo kwa mtu mzima ni dola 44 za Marekani. Bima aliyokata kwao haichukui nafasi ya hii, na wengi huligundua hilo wakiwa uwanja wa ndege.

Akae muda gani?

Ushauri wetu ni huu: asiyeweza kukaa miezi mitatu asipewe darasa. Wiki ya kwanza huishia kwenye kujua majina, njia na sauti ya kengele. Ya pili na ya tatu ni za kukaa nyuma ya darasa na kutazama. Kazi yenyewe huanza wiki ya nne, na wiki mbili za mwisho ni za kukabidhi. Mtu wa wiki mbili hufika, huimba na watoto, hupiga picha na kuondoka, kisha mwalimu wa darasa anabaki na vipindi kumi alivyopitwa kwenye muhtasari wa masomo.

Mtu wa muda mfupi anaweza kusaidia pasipo darasa: kupanga maktaba, kurekodi hadithi fupi kwa sauti ili mwalimu azitumie baadaye, au kufanya mazungumzo na walimu wenyewe saa za mchana. Kuna mipango ya nchi za nje iliyojengwa juu ya muda mrefu. Vijana wa Ujerumani wanaokuja kupitia weltwärts hukaa miezi 6 hadi 24, na wa Peace Corps ya Marekani hutumikia takriban miezi 27 pamoja na mafunzo. Tofauti huonekana hata kwenye Kiswahili chao.

Angalieni pia kalenda. Wageni wengi wana likizo kwao kati ya Juni na Agosti, na huenda wakafika wakati skuli zenu zimefungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka. Watumieni tarehe za mihula za mwaka husika kabla hawajapanga safari.

Awe na cheti gani?

Kuzaliwa na lugha si kujua kuifundisha. Vyeti vya kufundisha Kiingereza kwa wageni ni vingi, na kipimo kilichozoeleka ni mafunzo ya saa 120. Lakini saa 120 za kusoma kwenye kompyuta si sawa na saa 120 zenye darasa. CELTA ya Cambridge, kwa mfano, humtaka mwanafunzi afundishe watu halisi kwa jumla ya saa 6 huku akitazamwa na wakufunzi. Muulizeni mgeni swali moja: umefundisha wanafunzi wa kweli saa ngapi, wa umri gani, na nani alikuwa anakutazama? Mwalimu mstaafu wa skuli ya msingi asiye na cheti chochote cha Kiingereza huwa na manufaa zaidi kwenu kuliko kijana mwenye vyeti vitatu vya mtandaoni.

Tutajuaje kwamba ni mtu salama kwa watoto?

Hapa pasiwe na haya wala muhali. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inamlinda kila aliye chini ya miaka 18, na udhalilishaji wa watoto ni jambo linaloziumiza familia zetu mno kiasi kwamba hatuwezi kuacha mlango wazi kwa kuona aibu kumuuliza mgeni. Kila nchi ina hati yake ya polisi. Mwingereza anaweza kuomba International Child Protection Certificate, Mwaustralia ana Working With Children Check, Mmarekani huomba rekodi yake FBI. Takeni hati iliyotolewa ndani ya miezi sita, na watu wawili wa kumdhamini, mmoja akiwa aliyewahi kumsimamia kwenye kazi ya watoto. Kisha waandikieni wadhamini hao wenyewe. Barua aliyoibeba mgeni mkononi haitoshi.

Kanuni za skuli ziandikwe na zitiwe saini siku ya kwanza: hafundishi mtoto mmoja peke yake chumbani, mlango na madirisha huwa wazi, hampeleki mtoto pwani wala nyumbani kwake, habadilishani nambari za simu na wanafunzi, hampigi mtoto. Wajulisheni watoto pia, kwa Kiswahili, kwamba mgeni akiwafanyia jambo lisilowapendeza wamwambie mwalimu wanayemwamini au wapige 116, nambari ya bure ya msaada kwa mtoto. Watoto wetu wamelelewa kumheshimu mkubwa na mgeni. Bila kuambiwa waziwazi kwamba wanaruhusiwa kusema, wengi watanyamaza.

Je, apewe darasa lake peke yake?

Hapana, na kwenye hili hatulegezi. Darasa libaki la mwalimu wake, na mgeni awe mwalimu mwenza. Mgeni akipewa darasa peke yake hutokea mambo matatu. Mwalimu mwenyeji, ambaye ana vipindi vingi, huchukua nafasi hiyo kupumzika au kusahihisha, na halaumiki. Muhtasari wa masomo husimama, kwa kuwa mgeni haujui. Na siku mgeni anapoondoka, kila alichokianzisha huondoka naye.

Ubia unaofanya kazi ni huu. Kila Ijumaa baada ya vipindi, au Jumamosi asubuhi, wawili hao hukaa nusu saa na muhtasari mkononi. Mwenyeji anasema mada za wiki, wanagawana. Darasani mwenyeji hueleza sarufi na kusimamia nidhamu, mgeni hutoa mifano ya matamshi na kuendesha mazungumzo. Kipindi kinachofuata wanabadilishana, mgeni anakaa pembeni na kuandika makosa aliyoyasikia. Mwezi wa pili mwenyeji aendeshe mazungumzo mwenyewe. Atakuwa na woga wa matamshi mwanzoni, hasa mbele ya mzungumzaji mzawa, na ni kazi ya mgeni kuuondoa woga huo kwa kumsahihisha faraghani tu. Mwalimu aliyesahihishwa mbele ya wanafunzi wake hatasema tena Kiingereza mbele ya mgeni huyo.

Darasa letu lina watoto 70 na kipindi ni dakika 40. Afanye nini?

Wageni wengi wamejifunza kufundisha watu 12 waliokaa nusu duara. Mbinu hizo zikimwagwa kwenye darasa la 70, hushiriki safu mbili za mbele na waliobaki wanakaa kimya. Mpango ufuatao umepimwa kwa madarasa makubwa.

Dakika tano za mwanzo ni za marudio, darasa zima limesimama, safu moja inauliza na nyengine inajibu: "How many fingers?" "Five fingers." Dakika kumi zinazofuata ni za jambo jipya, na liwe moja tu, muundo mmoja wa sentensi na maneno sita hadi nane. Vitu vitoke mazingira ya mtoto. Kwa "there is" na "there are" zinatosha ndoo, kifuu, kamba ya mwani na ndizi tatu mezani. Kisha dakika kumi za wawili wawili. Watoto 70 ni jozi 35, zote zinazungumza kwa wakati mmoja, na kelele hiyo ndiyo kazi. Mwalimu mkuu asije kunyamazisha darasa. Walimu wawili wapite kati ya madawati, kila mmoja upande wake, wakisikiliza. Dakika kumi za kuandika sentensi tano kwenye daftari. Tano za mwisho, kila safu inachagua mtoto mmoja wa kusema sentensi yake, na kesho atachaguliwa mwengine.

Kusahihisha daftari 70 kila siku hakuwezekani, na mgeni akijaribu atachoka kufikia wiki ya pili. Kusanyeni daftari 14 kwa siku. Kwa siku tano darasa zima limesahihishwa, na kila mtoto ameona wino wa mwalimu mara moja kwa wiki.

Mambo madogo yanayoangusha kipindi: herufi za ubaoni zisipofika urefu wa sentimita tano, safu ya nyuma haioni. Mgeni akiuliza "Do you understand?" watajibu "Yes!" wote kwa pamoja, kwa adabu, hata kama hakuna aliyefahamu. Aache kuuliza hivyo, badala yake aseme "show me" au amtake mmoja arudie kwa Kiswahili. Na aseme polepole. Wazungumzaji wazawa hudhani wanasema polepole, kumbe wanapaza sauti tu.

Watoto wetu hukosea wapi hasa?

Mgeni aambiwe mapema, maana makosa ya watoto wa hapa yana sababu zake, si uzito wa akili.

Saa ndiyo inayoongoza. Mtoto akiulizwa anaingia skuli saa ngapi atasema "one o'clock", kwa kuwa kwake ni saa moja. Hajakosea hesabu, anahesabu tangu jua lilipochomoza. Mchoreeni uso wa saa ubaoni mumuoneshe kwamba nambari ya Kiingereza iko mkabala na ya Kiswahili: saa mbili iko upande wa pili wa nane, saa tatu upande wa pili wa tisa. Wakiliona hilo hawasahau. Mgeni naye ajifunze hivyo hivyo, la sivyo ataambiwa mkutano ni saa nne akatokea jioni.

"He" na "she" huchanganywa hadi sekondari, kwa sababu "yeye" haichagui mwanamme wala mwanamke. Sheria peke yake haiponyi kosa hili. Linahitaji picha na watu halisi, kidogo kidogo, kila siku.

Kwenye kusoma, tabu ni kwamba Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto aliyekwisha kujua kusoma Kiswahili atasoma "make" kama "ma-ke", na kwa alichofundishwa yuko sahihi. Mpeni maneno kwa familia: make, take, cake, lake. Wiki moja familia moja. Irabu nazo ni shida, kwani sisi tunazo tano, na "cat", "cut" na "cart" zote zinaangukia kwenye "a" moja. Jozi kama "ship" na "sheep" zifanyiwe mazoezi ya kusikia kwanza, kabla ya kutamka.

Kuna mahali ambapo watoto wetu wanaanza mbele ya wengine. Sauti za "th" zinazowasumbua wanafunzi wa nchi nyingi hapa si tatizo, mtoto anazo kutoka "thelathini" na "dhahabu", na chuoni, yaani madrasa, amefundishwa kuzitenganisha kwa makini. Mgeni asiyejua hili hupoteza wiki nzima kufundisha kinachojulikana.

Jambo la mwisho ni adabu. Sauti na namna ya kitenzi cha Kiswahili hubeba heshima, lakini mtoto akihamisha "nipe kalamu" neno kwa neno hutoka "give me pen", na mgeni husikia ufidhuli. Fundisheni "May I have..." tangu wiki ya kwanza. Na kwenye maswali ya kukanusha, mtoto aliyeulizwa "Didn't you eat?" akajibu "Yes", huenda anamaanisha ndiyo, hakula.

Kiswahili kitumike darasani?

Kitumike. Sentensi moja ya Kiswahili kueleza maana ya neno gumu huokoa dakika tano za kuigiza. Mgeni naye ajifunze cha kutosha kuamkia, kuhesabu na kutoa maelekezo. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kina historia ndefu ya kuwafundisha wageni Kiswahili, na mwezi mmoja huko kabla ya kuja kijijini ni muda uliotumika vizuri. Mtu mzima anayehangaika na "shikamoo" mbele ya watoto huwapa ujasiri wa kukosea nao.

Kuna wakala anayetutumia wageni. Fedha ziende vipi?

Kujitolea kutoka nje mara nyingi ni biashara, na mgeni huwa amelipa fedha nyingi akidhani zinafika kwa watoto. Mwambieni wakala awape kwa maandishi: mgeni amelipa kiasi gani, skuli inapata kiasi gani, familia inayomlaza inapata kiasi gani. Akikataa kusema, mmeshapata jibu.

Fedha ya skuli iingie akaunti ya skuli yenye saini zaidi ya moja na itolewe risiti, isiingie kwenye simu ya mtu, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Iandikwe kwenye kitabu na isomwe mbele ya kamati. Mambo ya fedha za wageni ndiyo yaliyovunja usuhuba wa walimu na wazazi katika vijiji vingi, na kawaida haukuwa wizi. Watu hawakuambiwa tu.

Anataka kugawa peni, pipi na nguo. Tumkubalie?

Asigawe kwa mkono wake. Pwani za Nungwi, Paje na Jambiani kuna watoto waliojifunza kwamba kukaa njiani kunalipa kuliko kukaa darasani, na wamejifunza kutoka kwa watu wenye huruma. Kila zawadi ipitie ofisi ya mwalimu mkuu na itumike kwa wote. Akiuliza nini kinafaa, mtajieni vitu vya kununua hapa hapa: chaki, rangi ya ubao, daftari, karatasi za fotokopi, kufuli la kabati la vitabu. Kununua Darajani au Chake Chake ni rahisi kuliko kubeba, na pesa inabaki kwetu. Vitabu vya kutoka nje viangaliwe kimoja kimoja. Hadithi ya watoto wanaojenga mtu wa theluji haimfai mtoto wa darasa la tatu anayeanza kusoma, na maboksi ya vitabu vya chuo kikuu vya zamani huishia kuliwa na mchwa.

Na picha?

Hakuna picha ya mtoto mtandaoni bila ruhusa ya mzazi na ya skuli. Jina la mtoto na jina la skuli visiwekwe pamoja na uso wake. Picha ya mtoto aliyekonda na nguo chakavu kwa ajili ya kuchangisha fedha ikataliwe hata kama fedha hizo zitakuja kwenu. Mtoto huyo atakuwa mtu mzima, na picha itakuwa bado ipo.

Tunaendesha kituo cha mayatima. Tunaweza kupokea wa kujitolea?

Tunashauri msiwapokee kwenye malezi. Mtoto asiye na wazazi akimzoea mgeni kwa wiki sita kisha akaachwa, akapata mwengine akaachwa tena, anaumia kila mara. Pia kuna vituo duniani vilivyokusanya watoto wenye wazazi hai kwa sababu wageni wanalipa kuja kuwaona. Australia mwaka 2018 ilitambua jambo hilo kuwa ni utumwa mamboleo, na Disemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi zizuie madhara ya kujitolea kwenye vituo vya mayatima. Watoto wenu waende skuli ya kawaida na wenzao, na mwalimu wa kujitolea awakute huko. Anayetaka kusaidia kituo awafundishe walezi, au asaidie jamaa wa mtoto waweze kuishi naye.

Atakaa nyumbani kwetu. Tutayarishe nini?

Chumba chenye mlango unaofungika, chandarua kizima, na maji ya kunywa yaliyochemshwa au ya chupa. Malaria imepungua sana Zanzibar lakini haijaisha, na mgeni hana kinga ya mwili aliyonayo mtu aliyekulia kwenye malaria, kwa hiyo homa yoyote apimwe siku hiyo hiyo. Bei ya chakula na malazi ikubaliwe kwa wiki, kwa maandishi, mapema. Wenyeji wengi huona haya kutaja bei kwa mgeni, kisha wananung'unika mwezi mzima.

Semeni waziwazi kuhusu mavazi: mabega na magoti yafunikwe njiani na skuli, mwanamke apewe kanga au mtandio. Pombe isiingie nyumbani. Saa za kurudi usiku zijulikane. Mgeni hakasiriki akiambiwa siku ya kwanza. Hukasirika akigundua wiki ya tano kwamba mtaa mzima ulikuwa unamsema.

Vipi kuhusu chuoni, Ijumaa na Ramadhani?

Skuli nyingi zina watoto wa asubuhi na wa mchana, na mtoto asipokuwa skuli yuko chuoni. Madarasa ya ziada ya Kiingereza yasichukue wakati wa chuo, wazazi watawatoa watoto, na watakuwa na haki. Zungumzeni na maalim wa chuo mpange saa zisizogongana. Ijumaa mchana hakuna kazi. Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma kwa takriban siku 11, ratiba hubadilika, watoto wamefunga, na mgeni asile wala kunywa hadharani mchana. Mazoezi ya kukimbia na kuimba kwa nguvu yawekwe kando mwezi huo, kusoma na kusikiliza kunatosha.

Tayari tuna vijana wetu wanaojitolea kufundisha. Wafanyeje?

Hao wawe wa kwanza. Skuli nyingi zina vijana waliomaliza chuo wanaofundisha bila mshahara huku wakisubiri ajira. Wanaijua lugha ya mtoto, na wataendelea kuwepo mgeni akishaondoka. Kumpokea mgeni kwa ngoma na kumwacha kijana huyo bila hata nauli ya daladala ni kumvunja moyo. Mgeni apangwe naye awe mwalimu mwenza, na kama kuna fedha iliyokuja na mgeni, nauli ya kijana iwe ya mwanzo kwenye matumizi.

Tutapimaje kama watoto wamefaidika?

Wiki ya kwanza, mwalimu mwenyeji achukue orodha ya darasa na kuchagua kila jina la nne. Kwa darasa la 80 ni watoto 20. Kila mmoja asome kifungu cha maneno 60 kwa dakika moja, yahesabiwe aliyoyasoma sawasawa, kisha ajibu maswali matano mafupi kwa mdomo. Matokeo yafungiwe ofisini. Wiki ya mwisho, watoto wale wale, kifungu kipya cha kiwango kile kile, na mpimaji awe yule yule, asiwe mgeni. Kama alama hazijapanda, kaeni muulizane kwa nini kabla ya kumpokea mwengine.

Akiondoka, au akiondoka ghafla?

Makubaliano yaseme tangu mwanzo kwamba anayetaka kuondoka mapema atoe taarifa ya wiki mbili, isipokuwa kwa ugonjwa au msiba. Watoto waambiwe tarehe angalau wiki mbili kabla, wasiamke siku moja na kuukuta uso haupo. Asiwaahidi watoto kwamba atarudi. Kabla ya kuondoka akabidhi kwa mwalimu mwenza, mbele ya mwalimu mkuu: daftari la maandalio ya vipindi, orodha ya mada zilizokwisha na zilizobaki, majina ya watoto wanaohitaji msaada zaidi, rekodi zote za sauti, na ufunguo wa kabati la vitabu.